Benchi la Waliohudhuria

Jumatatu, 9 Juni 1975

Baridi. Magoti yamenikumbusha umri tangu alfajiri. Nimefika kiwanda cha mbao, nimewasha jiko, nimechemsha chai ya watu wote, ndipo nikavaa cheo changu cha pili — Bibi Huduma ya Kwanza. Cheo hicho sikukiomba. Siku ile Abasi alipotobolewa na msumari mguuni, makarani wote wawili walizimia, na mimi nilikuwa nimesimama na birika. Sikuzimia. Basi nikakabidhiwa sanduku lenye msalaba, chupa ya dawa ya zambarau, na kitabu cha ajali kwa kuwa najua kuandika. Kusoma nilijifunza dukani kwa marehemu mume wangu, kwenye magazeti ya kufungia sukari. Ndiyo maana habari nyingi za dunia nazijua nusu.

Kitabu cha ajali ni kizuri. Jalada gumu, jekundu. Mwaka huu hakijaguswa na wino. Enzi za Kalasinga, mwenye kiwanda wa zamani, ajali hazikuandikwa kwa sababu hakukuwa na kitabu. Sasa kiwanda ni chetu sote, na kitabu tunacho.

Meneja, Bwana Raymundi, alinieleza sheria kwa upole. Mtu akiumia kazini akakosa kazi zaidi ya siku tatu, iandikwe, na ripoti iende mkoani. Asipokosa kazi, ni mkwaruzo tu. "Sasa Bi Tufaha, sisi hatutaki mtu akose kazi." Baada ya maneno hayo likaletwa benchi.

Liko chini ya bati, nje ya stoo. Mninga mtupu, limepigwa randa vizuri — kiti bora kuliko vyote kiwandani. Aliyeumia hufuatwa nyumbani kwa trekta asubuhi, anatia sahihi, anakaa mpaka kengele ya jioni. Amehudhuria. Leo wapo watatu: Mguu, Jicho na Mgongo. Hivyo ndivyo tunavyowaita. Wananyoosha misumari iliyopinda. Jicho anapiga nyundo kwa kukisia, kwa hiyo wenzake wamekaa mbali naye.

Alhamisi, 12 Juni

Meneja alitukusanya. Saba Saba ya mwaka huu kuna bendera kwa kiwanda kisichokuwa na ajali mwaka mzima. Sisi ndio tunaotazamiwa. Akasema ni kwa juhudi zetu wenyewe. Mguu, kule kwenye benchi, akapiga makofi.

Baadaye chai. Shomari alikula kwanza chakula cha Tobias, kama kawaida yake. Shomari ni Mzaramo, mnoaji wa misumeno. Tobias ni Mnyamwezi wa Goweko, anasukuma magogo kwenye msumeno mkubwa. Watani. Babu zao walikutana njia ya Pwani wakati wa misafara, na mpaka leo hakuna anayejua nani alianza kumtukana mwenzake. Pelagia, mkewe Tobias, akileta sufuria ya ugali na mlenda, Shomari anafunua, anachota, anasema, "Mpagazi wangu, mzigo wako nimekupunguzia." Tobias anasema, "Kula, mcheza ngoma. Kwenu mnalima ngoma, shamba mlilima lini?" Wanakula wote.

Nimewahi kumwona mgeni akiinuka kutaka kuwaamua. Tulimkalisha.

Jumanne, 17 Juni

Mkono wa Tobias.

Gogo la mninga lenye fundo. Lilirudi nyuma, likamvuta. Vidole viwili vya kulia, na kiganja kimepasuka mpaka katikati. Ule msumeno una kifuniko chake cha chuma, tunakiita kofia. Kofia ilikuwa imetundikwa stoo tangu masika, kwa sababu magogo mapana hayapiti nayo na Meneja anataka magogo mapana.

Shomari ndiye aliyezima mashine. Akavua shati, akamfunga. Hata wakati ule — nilisikia kwa masikio yangu — akasema, "Mpagazi, unamwaga damu kwenye mbao za serikali." Na Tobias, uso umekuwa kama majivu, "Njoo uilambe basi."

Hospitali walimshona. Mganga alitaka alale huko. Meneja akasema nyumbani atapumzika vizuri zaidi.

Nilifungua kitabu. Meneja akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, taratibu tu, kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue. "Tungoje siku tatu, Bi Tufaha."

Jumatano, 18 Juni

Trekta ilimfuata Tobias saa moja asubuhi. Amehudhuria.

Jumatatu, 23 Juni

Hawezi kunyoosha misumari kwa mkono mmoja. Meneja akampa kazi ya kuwasimamia wanaonyoosha. Kwa hiyo benchi sasa lina msimamizi. Mgongo anasema ni mara ya kwanza kuona mtu anapandishwa cheo kwa kupungua vidole.

Tobias alicheka. Midomo imekauka. Namfungua bendeji kila asubuhi, naosha, napaka dawa ya zambarau, nafunga. Yeye anatazama upande wa reli mpaka nimalize.

Alhamisi, 26 Juni

Mkono unanuka.

Nilikwenda ofisini kwa Meneja, nikasema hivyohivyo. Akasema ni dawa. Nimeishi na dawa hiyo miaka mingi, hainuki hivyo, nikamwambia. Akavua miwani, akajikanda macho. Na yeye amechoka, yaani sisi wote ni watu waliochoka. Akasema Saba Saba ikishapita atampeleka hospitali mwenyewe, kwa gari la kiwanda, alale mwezi mzima akitaka. Akilazwa sasa, siku tatu zitapita, ripoti itakwenda, bendera itakwenda kwa kiwanda cha Mwanza.

Meneja ni mtu mwema. Duka letu lilipotushinda, yeye ndiye aliyenipa kazi ya birika wakati hakuna aliyetaka mjane wa Kiarabu mwenye magoti mabovu. Hiyo ndiyo tabu ya watu wema — hupati pa kuwashikia.

Jioni Pelagia alinisubiri getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akasema usiku Tobias anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Akauliza kwa nini asilale hospitali kama watu wengine. Nikamwambia, bado kidogo. Nikasikia nimesema kwa sauti ya Meneja, na ule upole wake pia.

Jumanne, 1 Julai

Bimdogo, mdogo wake marehemu mama, ndiye mkubwa wa nyumba yetu sasa. Leo kanusa kanga yangu nilipoingia. "Umepitia machinjioni?" Nikasema nimetoka kazini. Akasema nenda ukaoge kwanza, halafu uniambie.

Nilioga. Sikumwambia.

Alhamisi, 3 Julai

Mkaguzi amekuja. Wacha niandike yote kwa mpangilio, maana kichwani mwangu yamekaa ovyo.

Asubuhi kofia ya msumeno ilikuwa imerudi mahali pake, imepakwa rangi ya kijani. Rangi haijakauka, kila aliyeipita alitoka na alama begani. Mkaguzi ni kijana, viatu vinang'aa, mtu wa Rombo, mgeni huku, mpole. Alisalimia kila mtu, hata mimi alinipa shikamoo. Alikagua mashine, akakagua vyoo, akafungua kitabu cheupe cha ajali — cheupe kwa ndani nasema — akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akaliona benchi. Meneja akasema, "Hiki ni kikosi cha misumari." Mkaguzi akamwona Tobias na ule mkono uliofungwa kama mtoto mchanga. Akasimama.

"Wewe mzee umefanyaje?"

Tobias akafungua mdomo. Nilimwona. Alikuwa anataka kusema. Ila Shomari alikuwa anapita na msumeno begani, na mtani akiwepo ni yeye anayejibu, ndivyo ilivyo, hawezi kujizuia kama mtu asivyoweza kujizuia kupiga chafya.

"Huyu, bwana mkubwa? Huyu mpagazi wangu. Kalewa debe zima, akaona msumeno unazunguka akadhani ni mwanamke anacheza. Akataka kuushika kiuno."

Kiwanda kizima kiliangua kicheko. Tobias! Tobias ambaye hata togwa anainusa kwanza. Ambaye harusini anaomba maji. Ndicho kilichotuchekesha. Mgongo alilia machozi huku ameshika mgongo.

Na Tobias ilibidi ajibu. Anayemkasirikia mtani ameshindwa, na Tobias hajawahi kushindwa na Shomari. Akajiinua kidogo, rangi ikamrudia usoni, nikaona wiki mbili zimemtoka mabegani.

"Kweli bwana. Nililewa sana. Na pombe yenyewe kaiiba yeye, kwenye matanga ya bibi yake."

Tukacheka tena. Mimi nilicheka na birika mkononi, chai ikanimwagikia miguuni. Nilifurahi kumwona anacheka.

Mkaguzi hakucheka. Alikuwa anaandika.

"Kwa hiyo unakubali ulikuwa umelewa?"

Tobias bado alikuwa ndani ya ule moto wa mzaha. "Nakubali, bwana. Nikatae vipi mbele ya shahidi kama huyu?"

Kicheko. Mkaguzi akamnyooshea karatasi na kidau cha wino. Tobias akaweka dole gumba la kushoto. Ndipo vicheko vikaanza kupungua, mmoja mmoja, kama taa za kijiji.

Meneja wetu ni Mnyamwezi wa Igalula. Amekulia kwenye utani, ametukanwa na Wazaramo tangu tumboni. Angeweza kusema neno moja. Alitazama bati la paa, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Sasa ni kiangazi.

Jumamosi, 5 Julai

Tobias ameanguka kutoka kwenye benchi. Hakulalamika, aliinama tu mbele taratibu mpaka chini. Mwili kama jiko.

Trekta ilikuwa msituni. Shomari akamtia mgongoni, akatoka naye getini, mpaka hospitali. Barabara nzima ya Isevya iliona: Mzaramo kambeba Mnyamwezi. Mzaha ule ungewatosha watani wa Tabora mwaka mzima. Hakuna aliyeufanya. Nilikuwa nyuma yao na kikapu. Nilimsikia Tobias akisema sikioni mwake, kidogokidogo, "Yaya, yaya," yaani hapana kwa kwao, na Shomari akisema, "Nyamaza, mzigo hausemi."

Mganga kasema mkono hauponi. Wataukata.

Nimerudi kiwandani nikamkuta Meneja ameniandalia kiti. Sijawahi kukaa kiti cha ofisi ile. Akaeleza. Karatasi ya mkaguzi inasema Tobias alikuwa amelewa, na mwenyewe amekubali kwa dole gumba. Ajali ya mlevi ni ya mlevi mwenyewe, haihesabiwi kiwanda. Kwa hiyo bendera ipo palepale. Ila mlevi kazini anafukuzwa. Hapati fidia, na nyumba ya kiwanda Pelagia na watoto waiache mwisho wa mwezi.

"Unajua hanywi," nikasema.

"Mimi najua, Bi Tufaha. Karatasi ndiyo haijui."

Akanipa kitabu chekundu. Niende nacho nyumbani, nitulie, niandike ilingane na ya mkaguzi, keshokutwa atakionyesha. "Una mwandiko mzuri," akasema. Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Jumapili, 6 Julai

Mkono wa Tobias umekatwa leo asubuhi, chini ya kiwiko. Yu hai. Nimetoka kumwona. Amelala, mdomo wazi. Pelagia aliniuliza kama kiwandani kuna kazi ya mkono wa kushoto. Kuhusu nyumba hajaambiwa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, nikamenya chungwa.

Narudi namkuta Shomari amechuchumaa uani kwetu. Bimdogo kampa chai, haigusi. Shomari asiyegusa chai.

"Bi Tufaha, nimemuua mtani wangu kwa mdomo."

Alikuwa ametoka nyumba ya wageni kwa mkaguzi. Alimweleza ule ni utani tu, Tobias hanywi, msumeno haukuwa na kofia, rangi ya kijani ilipakwa siku ileile. Mkaguzi akamsikiliza vizuri, kisha akauliza: basi ulinidanganya Alhamisi, au unanidanganya leo?

Na Meneja alikuwepo, wanakunywa chai. Shomari anasema Meneja alitabasamu akamwambia mkaguzi: usimjali sana ndugu, huyu ni mtani wa Tobias, kila anachosema juu ya Tobias ni mzaha, ndiyo mila ya huku. Mkaguzi akashukuru. Akasema anapenda kujifunza mila.

Yaani Alhamisi utani haukuwepo duniani. Leo umerudi, na umekuja kukaa upande wa Meneja.

Shomari akaniuliza kitabu changu kinasemaje. Nikasema hakisemi kitu. Akanitazama.

"Basi andika."

Rahisi hivyo. Mtu ananoa misumeno, anadhani kila kitu kina makali.

Ameondoka bila kuaga. Mlangoni alisema kesho anakwenda uwanjani kuchukua kitu cha mtani wake. Mtani ana haki ya kunyang'anya, hata msibani ananyang'anya, hakuna anayemzuia. Sikumuuliza kitu gani.

Baada ya adhuhuri nilikaa jikoni. Bimdogo anachagua mchele. Nikaandika:

Tobias, msukuma magogo. Aliumia mkono tarehe 17 Juni kwenye msumeno mkubwa. Msumeno haukuwa na kofia. Hakuwa amelewa. Hakukosa kazi kwa sababu alikuwa analetwa kwa trekta.

Chini nikaongeza Mguu, Jicho na Mgongo, kwa majina yao. Ilibidi nifikiri kwanza majina yao ni yapi.

Imenichosha kuliko chai ya mwaka mzima. Bimdogo akataka kusikia, nikamsomea. Akaendelea na mchele wake kwa muda.

"Basi kazi huna."

"Nadhani."

Akarudisha nusu ya mchele kwenye debe.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Naandika kwa penseli, hapahapa uwanjani, daftari gotini. Jua kali na vumbi. Kitabu chekundu kimo kikapuni, chini ya vitumbua.

Meneja amekuja mara mbili. Mara ya kwanza kuniuliza kama nimeandika. Nikasema nimeandika.

"Vizuri?"

"Kwa mwandiko mzuri."

Mara ya pili alikitaka, nikamwambia mikono yangu ina mafuta, nitampa. Ana tai mpya. Ameleta hata watu wa benchi kwa trekta, amewakalisha mstari wa mbele, hatua chache kutoka nilipo, wamevaa mashati meupe. Jicho ameelekezwa pa kutazama.

Wanatoa zawadi za pamba. Sasa za tumbaku. Asali. Mkaguzi yuko jukwaani karibu na mgeni rasmi, viatu vina vumbi leo kama vya watu wengine.

Wametutaja. Meneja anapanda. Bendera ni ya kijani, ina nyuzi za njano pembeni. Makofi. Anaipokea kwa mikono yote miwili.

Shomari amesimama. Anatembea katikati ya uwanja, polepole, mikono mitupu. Anapanda jukwaani. Ameichukua. Meneja hakuwahi hata kufunga vidole.

Kisha mtu nyuma yangu, "Si mtani huyo!" na uwanja mzima umelipuka. Wazaramo wanapiga vigelegele, Wanyamwezi wanamtukania ngoma zake.

Anasema, wala hapigi kelele: "Hii ni ya mkono wa Tobias. Umekatwa jana. Hakuwa amelewa. Msumeno haukuwa na kofia."

Wanazidi kucheka. Mkaguzi anacheka kuliko wote, sasa ameelewa mila. Ameinama anamweleza mgeni rasmi, namwona anavyoonyesha kwa mikono, na mgeni rasmi naye anacheka. Meneja anacheka kwa meno tu.

Shomari hacheki. Na wale wa benchi hawacheki, mashati yao meupe yametulia mstari mzima. Mwanamke wa jirani yangu kaanza kucheka, kawatazama wao, kaacha.

Shomari ananitafuta kwa macho. Ameniona. "Muulizeni Bi Tufaha. Kitabu anacho yeye."

Mkaguzi bado ana tabasamu, ila amegeuka huku. Meneja ananipungia mkono — njoo, Bi Tufaha, njoo tucheke wote — na mkono wake mwingine umeshika tai.

Nimetia mkono kikapuni. Jalada limeingia mafuta pembeni. Magoti yanakataa. Mguu amenishika kiwiko, ananiinua, mtu mwenye mguu mmoja mzima ananiinua mimi.

Ngazi za jukwaa ni za mbao zetu, nazijua, hazina hata pa kushika. Nikianguka hapo sijui ataniandika nani.